Kitimoto kwenye sahani ya mwenye presha, na hofu ya kifafa kwa mtoto

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mama wa watoto wawili, tunaishi Mbalizi, nje kidogo ya jiji la Mbeya. Mume wangu ana miaka 47. Mwezi uliopita alipimwa presha ikasoma 148 kwa 94, na lehemu ikaonekana iko juu. Daktari akamwandikia dawa na kumwambia apunguze nyama nyekundu na chumvi. Tangu siku hiyo ameacha ng'ombe kabisa na kuhamia kwenye kitimoto, eti ni nyama nyeupe kama kuku. Wiki iliyopita alikula mara tatu, kila mara nusu kilo na bia zake mbili. Naomba kujua, kitimoto ni chakula cha afya au ndiyo tunamzika taratibu? Na je, naweza kumpa mtoto wangu wa miaka miwili? Mama mkwe amenikataza, anasema nguruwe analeta kifafa.

JIBU: Marahaba mwanangu. Umeuliza mambo matatu kwa mpigo, na mumeo amekuongezea la nne bila kujua, kwa hiyo vuta kiti.

Nianze na yeye. Nguruwe ni nyama nyekundu. Rangi inayohesabiwa na wataalamu wa lishe siyo ile unayoiona nyama ikishafika mezani. Kinachohesabiwa ni wingi wa mayoglobini, protini inayotunza oksijeni ndani ya msuli na kuupa wekundu. Nguruwe anayo kidogo kuliko ng'ombe, ila nyingi kuliko kidari cha kuku, na kwenye vitabu vyetu anakaa zizi moja na ng'ombe, mbuzi na kondoo. Haya maneno ya "nyama nyeupe" yana mwenyewe. Miaka ya themanini wafugaji wa nguruwe wa Marekani waliona wateja wanakimbilia kuku kwa kuogopa mafuta, na mwaka 1987 bodi yao, National Pork Board, ikaanzisha kampeni ya kuiita nguruwe "nyama nyeupe nyingine". Lilikuwa tangazo la biashara. Limesafiri miaka karibu 40 mpaka limemkuta mumeo akiwa na kijiti chake mkononi anachoma kipande cha kwanza.

Kwa hiyo alipoacha ng'ombe akahamia kitimoto hakupunguza nyama nyekundu hata kidogo. Amebadilisha bucha tu.

Hata hivyo usimcheke sana, maana kuna kipande kimoja cha nguruwe kinachomtetea. Sarara, ule mnofu mrefu laini unaolala kwa ndani ya mgongo, ukitolewa mafuta ya juu na kupikwa bila kuongezewa mengine, una mafuta gramu 3.5 hivi na protini gramu 26 katika kila gramu 100. Kidari cha kuku kisicho na ngozi kina mafuta gramu 3.6. Hapo ni sare. Sasa shuka kwenye tumbo la mnyama huyo huyo. Gramu 100 za nyama mbichi ya tumbo, ile yenye matabaka ya mafuta na mnofu kama kitabu, zina mafuta gramu 53 na protini gramu 9 tu. Nguruwe mmoja, kisu kimoja, na tofauti ya mafuta ni mara 15. Ndiyo maana mtu akiniuliza kama kitimoto ni nzuri au mbaya huwa namrudishia swali: umekatiwa wapi?

Kwetu swali hilo haliulizwi. Bucha ya mtaani inaanza kukata upande wowote uliobaki, unapewa mfupa, ngozi, mafuta na mnofu kwa bei ile ile ya kilo, unashukuru unaondoka. Kijiweni ndiyo zaidi, kwa sababu unaagiza kwa uzito na hujaiona ikiwa mbichi.

Siku moja nilifanya jambo ambalo kijana wangu bado ananisema nalo. Niliagiza nusu kilo kavu na ndizi, nikaifunga nikaenda nayo nyumbani, nikaimwaga kwenye sinia na kuanza kuichambua kama mchele. Mifupa upande huu, mnofu upande huu, ngozi na vipande vya mafuta upande ule. Nusu kilo mbichi ilikuwa imerudi gramu 340 baada ya karai. Mifupa ilichukua gramu 60. Mnofu ulikuwa 150. Hizo 130 zilizobaki zilikuwa ngozi na mafuta matupu. Ndizi nikazilaza kwenye karatasi ya jikoni: ya kwanza ikalowa, ya pili ikalowa, ya tatu ikalowa nusu, nikaacha. Ndizi mbichi haina mafuta ya kutajika, lakini ikiingia kwenye karai la kitimoto inanyonya kama sifongo. Watu wengi wanaogopa nyama wakati mafuta wanayameza kupitia ndizi.

Sasa hesabu ya mumeo. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, World Cancer Research Fund, linashauri anayekula nyama nyekundu asizidishe gramu 350 mpaka 500 kwa wiki, zikishapikwa. Kwa nyama mbichi ni kama nusu kilo mpaka gramu 700. Hiyo ni nyama nyekundu yote, pamoja na supu ya mbuzi ya Jumapili. Yeye kwa wiki moja amekula kilo moja na nusu. Hata tukimtolea mifupa, amepita mbali.

Kuhusu lehemu, au kolesteroli kama wengi wanavyoiita, kuna dhana ya kurekebisha. Nyama ya nguruwe haina lehemu nyingi kuliko nyama nyingine. Mnofu uliopikwa una miligramu 80 hivi kwa gramu 100, na kuku na ng'ombe wapo hapo hapo. Kinachopandisha lehemu ndani ya damu kwa watu wengi ni yale mafuta yanayoganda, wataalamu wanayaita mafuta shibe. Mtu anayekula kalori 2,000 kwa siku anashauriwa asizidishe gramu 22 hivi za mafuta shibe. Gramu 100 za nyama ya tumbo zina kama 19. Ameshakaribia kumaliza posho ya siku, na chapati ya asubuhi hatujaihesabu.

Ila ngoja niyatendee haki mafuta ya nguruwe, maana yanasingiziwa. Mafuta shibe ndani yake ni asilimia 39 hivi. Zaidi ya asilimia 40 ni asidi ya oleiki, ile ile inayosifiwa kwenye mafuta ya zeituni. Mafuta ya ng'ombe na mawese yote yanakaribia asilimia 50 za mafuta shibe, na mafuta ya nazi yanapita 80 (wasomaji wangu wa Pwani wasininunie, wali wa nazi naupenda pia). Sababu iko tumboni mwa mnyama. Ng'ombe ana chumba cha kuchachusha majani, na bakteria waliomo humo wanayabadilisha mafuta ya chakula kuwa shibe kabla hayajafika mwilini. Nguruwe ana tumbo moja kama sisi. Mafuta anayokula ndiyo mafuta anayojenga. Nguruwe aliyeshibishwa mashudu ya alizeti anatoa mafuta laini, yanateleza hata kwenye baridi ya Mbeya. Kwa kupikia nyumbani alizeti bado inashinda yote hayo kwa mbali, mafuta shibe yake ni asilimia 10 au 12 tu, lakini mtu akikwambia mafuta ya nguruwe ni sumu, muulize yeye anakaangia nini.

Hapa nifike kwenye kile ambacho nguruwe anakizidi kila mnyama tunayemfuga: vitamini B1, yaani thiamini. Gramu 100 za mnofu uliopikwa zina kati ya miligramu 0.6 na 0.9. Mwanaume anahitaji 1.2 kwa siku, mwanamke 1.1. Nyama ya ng'ombe ya uzito huo haifikishi hata 0.1. Thiamini ndiyo inayouwezesha mwili kugeuza wanga kuwa nguvu, na sisi ni watu wa wanga: ugali, wali, ndizi, viazi. Isitoshe tunapenda sembe nyeupe pee, ambayo imekobolewa kiini na ganda, na thiamini ya mahindi inakaa huko huko kunakotupwa. Anayekula dona na maharage hana wasiwasi. Anayekula sembe na chai, kipande cha nguruwe kinamzibia pengo.

Halafu anakishushia na bia. Pombe inazuia utumbo kuifyonza thiamini, na inalisumbua ini linapotaka kuitunza. Bia mbili za Ijumaa hazimfikishi mtu huko. Lakini kwa mnywaji wa kila siku, huyu ambaye chakula chake kikuu ni chupa, upungufu wa thiamini unapiga neva na ubongo: miguu inakufa ganzi, mwendo unayumba, kumbukumbu inapotea. Na kwa wenye jongo, bia na nyama pamoja ndiyo njia fupi ya kuamka usiku na kidole gumba cha mguu kinachowaka moto.

Mengine niyapitie haraka. B12 ipo, gramu 100 zinatoa kama robo ya mahitaji ya siku. Seleniamu ipo kwa wingi. Zinki ipo, ila ng'ombe anamzidi zaidi ya mara mbili. Madini ya chuma ni miligramu 1 hivi dhidi ya 2.5 za ng'ombe, kwa hiyo mwenye upungufu wa damu asiende kutafuta tiba kwenye kitimoto. Labda maini yake, ambayo nitayagusa kwa mtoto. Na niseme kwa wasomaji wangu Waislamu na Wasabato wanaosoma ukurasa huu kwa uvumilivu: hakuna kirutubisho hata kimoja ndani ya nguruwe ambacho hamkipati kwenye maharage, karanga, dona, dagaa, mayai na maziwa. Asiyekula hajapungukiwa na kitu.

Presha yenyewe inaguswa na chumvi kuliko aina ya nyama. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, ni kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa juu. Mtazame mkaangaji anavyofanya kazi. Anatia chumvi wakati wa kuchemsha, anatia tena kwenye karai, kachumbari ina yake, na pembeni ya sinia kuna kijilima cha chumvi na pilipili cha kuchovyea. Huko nyuma nusu ya wagonjwa wangu wa presha waliniapia kwamba hawali chumvi, kumbe walikuwa na maana ya ile ya kunyunyiza nyumbani.

Na kama mumeo atapata wazo la kuhamia kwenye soseji, mzuie mapema. Soseji, bekoni na hamu (paja la nguruwe lililosindikwa) ni kundi jingine kabisa. Soseji mbili za kawaida zinaweza kumpa kati ya gramu 1 na 2 za chumvi kabla hajagusa kitu kingine. Tena mwezi Oktoba 2015, wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani, ulioko Lyon, Ufaransa, uliziweka nyama zilizosindikwa kwenye kundi la kwanza, yaani vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, hasa ya utumbo mpana. Nyama nyekundu ya kawaida, nguruwe akiwemo, iliwekwa kundi la chini yake, "huenda inasababisha". Kadirio lao lilikuwa kwamba kila gramu 50 za nyama iliyosindikwa zinazoliwa kila siku zinaongeza hatari hiyo kwa asilimia 18. Isomwe vizuri: ni asilimia 18 juu ya hatari aliyokuwa nayo mtu mwanzo, siyo kwamba watu 18 kati ya 100 wataugua. Lakini kama kila asubuhi anakula soseji na chai, hiyo ndiyo tabia ya kuivunja kwanza, hata kabla ya kitimoto ya Ijumaa.

Sasa mtoto, na mama mkwe.

Mama mkwe wako ana haki ya kuogopa, ila amemkamata mtuhumiwa asiye mwenyewe. Tegu wa nguruwe yupo kweli kwenye mikoa yetu. Tafiti zimemkuta Mbozi, Mbeya, Iringa, na hata Mbulu huko kaskazini. Na anahusika na kifafa kweli. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika maeneo mengi ambako watu wanaishi pamoja na nguruwe wanaozurura, asilimia 30 ya visa vya kifafa vinatokana naye. Tatizo ni njia anayopitia, ambayo karibu kila mtu anaieleza kinyume.

Fuata vizuri. Mtu akila nyama yenye vifuko vya tegu, yaani tegu wachanga waliojifunga ndani ya mnofu, ambayo haikuiva, kinachompata ni tegu mwenyewe: mnyoo bapa kama utepe, unaoweza kufika mita kadhaa, anayekaa utumboni na mara nyingi hasumbui. Mtu anaweza kuishi naye miaka bila kujua. Hapo hakuna kifafa bado. Lakini tegu huyo anataga, na mayai yanatoka na kinyesi. Nguruwe anayezurura akila kinyesi hicho, mayai yanakuwa vifuko ndani ya nyama yake, na mzunguko unaanza upya. Na binadamu akiyameza mayai hayo, kwa mikono isiyonawiwa, kwa mchicha uliomwagiliwa maji machafu, kwa chakula kilichopikwa na mtu mwenye tegu, mwili wake unafanya kama wa nguruwe: mayai yanaanguliwa, yanapita kwenye damu, na mengine yanatua kwenye ubongo na kujenga vifuko huko. Hicho ndicho kifafa anachokizungumza mama mkwe. Kinatoka kwenye kinyesi cha mtu, na anayekipata si lazima awe amewahi kuonja nguruwe.

Mfano mzuri zaidi ninaoujua ni wa mbali. Mwaka 1992 madaktari wa Marekani waliandika kuhusu wagonjwa wa New York waliokuwa na vifuko vya tegu kwenye ubongo. Walikuwa Wayahudi wa Kiothodoksi, watu ambao nguruwe haingii hata kwenye sufuria zao. Uchunguzi ulielekea kwa wafanyakazi wa nyumbani waliotoka nchi zenye tegu, ambao huenda walikuwa naye tumboni bila kujua. Nyumba haina nguruwe, kifafa kimeingia kwa mlango wa jikoni.

Kwa hiyo kumnyima mtoto kitimoto hakumkingi na kifafa kama choo cha jirani kiko wazi na nguruwe wa mtaa wanapita. Kinachomkinga ni choo kinachotumika na watu wote, sabuni kabla ya kupika na kula, mboga za kuliwa mbichi kuoshwa kwa maji safi, na nguruwe kufungiwa bandani. Kufungia nguruwe kunaonekana ni habari ya mifugo, lakini mimi nakuhesabu kuwa sehemu ya lishe.

Nyama yenyewe iangalie. Vifuko vinaonekana kwa macho, ni vijipovu vyeupe vyenye maji, ukubwa wa punje ya mchele mpaka punje ya harage, vimekaa katikati ya nyuzi za mnofu. Wafugaji wazoefu humvuta nguruwe ulimi na kuupapasa kwa chini kabla ya kununua. Nunua penye muhuri wa mkaguzi, na ukiona vijipovu hivyo usitafute punguzo la bei, acha. Nguruwe mwenye vifuko vichache anaweza kumpita hata mkaguzi, ndiyo maana kuivisha hakuna mjadala. Huko Marekani tangu 2011 wanaruhusu kipande kizima cha nguruwe kipikwe mpaka nyuzi 63 za selisiasi, kikapumzishwa dakika tatu, na kinaliwa kikiwa na wekundu kidogo katikati. Hao ni nguruwe wa ndani, wamekaguliwa, na mpishi ana kipimajoto. Wewe kata kipande kinene kuliko vyote: katikati kuwe kumebadilika rangi kabisa na majimaji yawe meupe. Mishikaki ya haraka haraka, nje imeungua na ndani imelegea, hiyo ndiyo ya kukataa. Kama una friza inayofika nyuzi 15 chini ya sifuri, siku tatu zinaua vifuko. Umeme wa kukatika katika unaharibu hesabu hiyo.

Jambo moja zaidi kabla sijaliacha. Kama kwenye ukoo kuna mtu aliyeanza kifafa ukubwani, apelekwe hospitali akachunguzwe, na asinunuliwe dawa ya tegu dukani. Vifuko vikiwa kwenye ubongo, dawa inaviua vyote kwa mara moja, na ubongo unaweza kuvimba. Hiyo ni kazi ya kufanyika chini ya uangalizi wa daktari.

Kwa mtoto wa miaka miwili, basi, mpe. Nami nitasema zaidi ya hapo, maana hili linaniuma. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na Iringa, mkoa wa mahindi, viazi, maziwa na nguruwe, ni zaidi ya nusu. Nguruwe tunawafuga hapa hapa. Wanauzwa kulipa ada, na wanaobaki wanaliwa na wanaume kijiweni, huku nyumbani mtoto anapewa uji mweupe na ugali wa mchuzi wa nyanya. Mnofu usio na mafuta, kama vijiko viwili vya chakula, ukichemshwa mpaka uchambuke kwa vidole, ukasagwa au ukakatwa vidogo sana, ukachanganywa na maharage yaliyopondwa na mchicha, ni mlo ambao ningeuandika kwenye kadi ya kliniki. Nyama hiyo kidogo inausaidia mwili wa mtoto kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mchicha, ambayo peke yake hufyonzwa kwa shida. Pilipili hapana, chumvi kidogo sana. Maini ya nguruwe yana madini ya chuma mengi kuliko mnofu, lakini yana vitamini A nyingi mno, kwa hiyo kipande cha ukubwa wa kidole gumba chako, mara moja kwa wiki, kinatosha. Wewe mwenyewe ukiwa mjamzito maini yaache kabisa.

Nyumbani fanya hivi. Nenda buchani asubuhi, kabla mnyama hajaisha, umwambie mchinjaji: "Nikatie pajani au sarara, toa ngozi na mafuta ya juu." Atakutazama vibaya mara ya kwanza, ya pili atakuwa amekuzoea. Chemsha na tangawizi, kitunguu saumu na limao mpaka ilainike. Itoe nyama, supu iache ipoe kabisa, usiku mzima kwenye friji ikiwezekana. Asubuhi utakuta mafuta yameganda juu kama blanketi jeupe, yanyanyue kwa kijiko. Supu iliyobaki chini usiimwage, maana thiamini inayeyuka kwenye maji na sehemu yake kubwa imehamia humo. Ipikie maharage. Nyama irudishe kwenye kikaango kikavu na vitunguu na hoho, tone la alizeti likitosha, mpaka ikauke nje. Ndizi zichome kwenye mkaa. Chumvi tia mara moja tu, mwishoni, kwa kidole chako mwenyewe.

Na mumeo msiingie naye vita. Mwache na Ijumaa yake, mara moja kwa wiki: robo kilo ya steki badala ya nusu kilo ya mchanganyiko, ndizi choma, kachumbari sahani nzima bila chumvi ya pembeni, bia moja. Siku nyingine samaki, kuku, maharage. Dawa ya presha asiiache hata akijisikia mzima, kwa sababu presha ya 148 kwa 94 mara nyingi haiumi popote. Baada ya miezi miwili apime tena presha asubuhi, akiwa amekaa dakika tano na hajanywa chai, na lehemu irudiwe hospitali ile ile. Majibu yakitoka niandikie namba zote mbili za presha, ya juu na ya chini, na uniambie uzito wake, maana hukuutaja.